Mstari Uliokuwa Ukififia

Tulimwita Jicho. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio na kwenye cheti cha ndoa, lakini pale dukani hakuna aliyelitumia, hata mwenye duka. Alikuwa fundi wa kusaga lenzi za miwani, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifunga kwenye fremu. Tulikaa meza moja katika chumba cha nyuma, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa sinki. Lenzi ikitoka kwenye mashine aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza mara mbili, kisha akasema "pita" au "rudi". Kwenye kioo nilichokiona mimi ni safi kabisa, yeye aliona mkwaruzo mwembamba kuliko unywele. Miaka sita tuliyokaa pamoja sikumbuki akikosea.

Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye wapo waliosema hakuona vizuri.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mwanamume mrefu na mpole, mwenye mazoea ya kuinama kila apitapo mlangoni hata kama mlango ni mrefu kuliko yeye. Walikuwa na miaka mitano ya ndoa na hawajapata mtoto. Mama mkwe, mjane, alikuwa akiishi nao kwenye nyumba yao ya vyumba viwili ghorofa ya nne, na hakuwahi kumtolea mkwewe maneno makali. Ila kila mwezi, siku zake zilipofika, Jicho aliingia kazini macho yamevimba, akasema ni vumbi la lenzi, nami nikasema ndiyo, siku hizi vumbi limezidi.

Mwezi ule hakuwa na subira. Zikiwa zimebaki siku tatu, alinunua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa lililo chini ya jengo lao, na asubuhi akajifungia chooni. Mstari mmoja. Akakitupa kwenye pipa, akaja kazini, akasema vumbi. Jioni aliporudi, alikiona kile kijiti kimelala juu ya karatasi za pipa, na pembeni ya ule mstari mmoja palikuwa na wa pili, mwembamba, wa kijivu.

Alishuka ghorofa zote nne na kijiti mkononi. Muuza dawa alikuwa mzee mwenye miwani mizito tuliyomtengenezea sisi wenyewe.

"Ulikisoma saa ngapi, binti yangu?" akamuuliza.

"Asubuhi ulikuwa mmoja. Sasa hivi ni miwili."

"Basi la asubuhi ndilo neno lake. Hiki kitu kina dakika zake, tano hivi, zimeandikwa kwenye karatasi yake ambayo najua hukuisoma. Ukikiacha kikakauka, mkojo unaacha alama palepale pa mstari, kama doa la chai kwenye kitambaa. Tazama, hauna rangi. Ni kivuli tu."

"Kwa hiyo sina mimba."

"Sijasema huna. Nasema umewahi mno. Mimba ikiwa changa hivyo, kile kinachotafutwa na kipimo bado ni haba kwenye mkojo. Ngoja siku zako zipite. Ukiamka tu, kabla hujanywa maji, tumia mkojo wa kwanza, kisha simama hapo uhesabu dakika. Ukipata mmoja na siku zako bado hazijaja, ngoja wiki, urudie. Na usichokoe mapipa."

Alingoja. Siku zake zikapita, hazikuja. Akaongeza wiki nzima juu yake, jambo ambalo kwa mtu aliyengoja miaka mitano si dogo. Jumatatu moja aliingia chumba cha nyuma, akasimama mbele yangu wakati mashine inanguruma, akanyoosha vidole viwili. Nikampa skrubu mbili. Akazitazama, akacheka mpaka akakaa chini, na hapo ndipo nilipoelewa, nikazima mashine, tukakumbatiana katikati ya vumbi.

Mumewe alinunua boksi zima la vipimo, vijiti ishirini na vitano. Sijui alidhani mimba ngapi zinakuja. Lakini Jicho hakumkataza. Kila Jumatatu asubuhi, nuru ya kwanza ikiingia kwenye kile kidirisha cha choo kinachotazama ukuta wa jengo la pili, alipima upya. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwa haya kidogo, "Ninambishia hodi tu. Nataka kusikia akiitika."

Kliniki alikwenda, akapewa kadi na tarehe ya kurudi kupigwa picha, akimaliza wiki ya kumi na mbili. Tarehe hiyo tuliiandika ukutani kwa kalamu ya kuwekea alama kwenye lenzi.

Tumbo halikungoja tarehe. Wiki ya tisa koti lake la kazi lilikataa kufunga vifungo. Alitapika asubuhi, akatapika mchana, akatapika hata maji. Msichana wetu wa mapokezi, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na tukimwita Mapokezi hata kwake nyumbani, alimshika tumbo akasema, "We dada, mwenzio nimeanza safari zamani, unataka kunipita njiani?" Wateja walimpongeza. Mwenye duka alimletea kiti chenye mto. Na mimi nilifurahi, sitadanganya, ila nilikuwa nikimtazama anapoinua lenzi kwenye mwanga na kuona mkono unatetemeka.

Vile vijiti hakuvitupa. Alivipanga kwenye kipochi cha miwani, kila kimoja na tarehe yake. Siku moja alikileta kazini, akafunga mlango, akavitandaza kwenye kitambaa chetu cha kufutia lenzi.

"Niambie unaona nini," akasema.

Nikaona vijiti vitano, kila kimoja mistari miwili. "Naona mtoto," nikamwambia.

"Tazama vizuri. Hiki cha kwanza, mstari wa pili umekoza sawa na mwenzake. Hiki cha pili, umekoza zaidi. Hiki cha tatu, sawa. Hiki cha nne?"

Nikainama. Sikuona tofauti. Nikavaa miwani ya kukuzia, ile ninayofungia skrubu, na hapo nikaiona. Mstari wa pili wa kijiti cha nne ulikuwa umepauka kidogo, kama nguo iliyoanikwa juani siku mbili. Wa kile cha tano ulikuwa umepauka zaidi.

"Labda ulikunywa maji," nikasema.

"Maji yenyewe hayakai tumboni."

Jumatatu iliyofuata mstari ulikuwa kama alama ya penseli iliyofutwa. Aliupiga picha, akaniletea, akanionyesha. Tumbo lake wakati huo lilikuwa linagusa ukingo wa meza.

"Ninapobisha anaitika," aliniambia, akinong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Ila kila wiki anaitikia mbali zaidi. Na huku tumbo linazidi kuja."

Nikamwambia asiseme mambo hayo, amwambie mumewe.

Mumewe alikuwa ameshaambiwa. Alikitazama kijiti, akamtazama mkewe, akaangua kicheko cha mtu anayetaka sana kucheka. "Mke wangu, utaamini karatasi au utaamini tumbo? Kile kijiti kazi yake ni kukwambia mlango umefunguliwa. Mgeni ameshaingia na mizigo yake, wewe bado unakiuliza kijiti?" Yalikuwa maneno mazuri, na Jicho aliyashika siku nzima.

Jioni ile mama mkwe alimkuta amejilaza kwenye kochi, akaketi karibu yake. Huyu mama alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mikono yake mikubwa na laini kwa sabuni. Alisema, "Hebu nimsalimie mjukuu wangu," akaweka kiganja chini ya kitovu. Jicho aliniambia kwamba kile kiganja kilitulia pale kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha kikaondolewa ghafla, kama mtu aliyegusa sufuria akidhani limepoa. Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni, akanawa mikono, na maji yaliendelea kumwagika kwa muda mrefu baada ya mikono kuwa safi.

"Mama, kuna nini?" Jicho akauliza.

"Hakuna kitu, mwanangu," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. "Hakuna kitu."

Wiki ya kumi na moja, mstari wa pili haukutokea kabisa.

Alikuja kazini na boksi ndani ya mkoba. Uso umemkonda, shingo imekonda, na tumbo liko mbele yake utafikiri amelibeba kwa niaba ya mtu mwingine. Akasema, "Labda boksi limeharibika. Nisaidieni nijue." Tukamwita Mapokezi, tukafunga mlango wa chumba cha nyuma, tukaingia choo cha wafanyakazi kwa zamu, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi. Ilikuwa kama mchezo. Mapokezi alikuwa akicheka, anasema akijulikana ana mimba nyumbani kwao watashtuka. Tukaweka vijiti vitatu kwenye kitambaa, tukatazama saa ya ukutani.

Cha Mapokezi kilikuwa na mistari miwili kabla ya dakika kwisha. Changu kilikuwa na mstari mmoja, kama nilivyotarajia, maana mimi sikuwa na habari hizo. Cha Jicho kilikuwa na mstari mmoja.

Tulingoja dakika tano zote. Kikombe chake na changu vilisema neno lilelile. Mimi sina kitu tumboni, yeye ana tumbo la miezi mitano kwa macho, na vijiti vyetu vilifanana kiasi kwamba Mapokezi alipovisogeza, hatukujua tena kipi ni cha nani.

Mapokezi akaacha kucheka. Bila kukusudia akakinga tumbo lake kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja. Jicho aliliona hilo. Nadhani lilimuumiza kuliko kijiti.

"Basi ndani mwangu kuna nini?" akauliza.

Alirudi kwenye mashine kwa sababu kazi ilikuwepo, akasaga lenzi ya mteja, akaiinua kwenye mwanga, akasema "pita". Nilipoipokea ilikuwa na mkwaruzo kutoka pembe hadi pembe, hata mimi niliuona. Sikumwambia. Niliificha kwenye droo na kusaga nyingine mwenyewe.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, alisimama ghafla akaniambia kwa sauti ndogo, "Twende kliniki. Sasa hivi." Kwenye mto wa kile kiti palikuwa na doa la kahawia, la rangi ya ukwaju uliolowekwa majini. Mumewe alikuwa ndani ya shimo la lifti upande wa pili wa mji, simu yake haishiki. Nilimwachia ujumbe, nikamshika Jicho mkono, tukatoka.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nesi kijana alichukua mkojo, akaupima, akarudi na kijiti na uso wa huruma.

"Dada, hapa hakuna mimba."

Jicho alisimama, akafungua koti. Nesi akalitazama tumbo, akakitazama kijiti, akalitazama tumbo tena, akaondoka kwa hatua za haraka kumwita mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuwa mkunga mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimlaza Jicho kitandani, akampima tumbo kwa utepe, akaitazama tarehe kwenye kadi. "Tarehe inasema karibu miezi mitatu," akasema. "Utepe unasema zaidi ya mitano." Akabonyeza kwa ncha za vidole, akitafuta mgongo, kichwa, goti. Alitafuta muda mrefu. Kisha akachukua kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akapaka mafuta, akakiteleza juu ya ngozi.

Mwanzoni ilikuwa mivumo tu, kama upepo chini ya mlango. Halafu ukaja mdundo, wa haraka, mwepesi, dugu-dugu-dugu-dugu. Nesi kijana akapiga makofi. "Huyo hapo!" Mimi machozi yalinitoka hapohapo. Jicho akafumba macho, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mabega yake yakashuka.

Mkunga hakutabasamu. Aliendelea kushika kile kifaa kwa mkono mmoja, na mkono wake wa pili ukaenda polepole mpaka kwenye kifundo cha mkono wa Jicho. Akabonyeza pale kwa vidole viwili. Akasikiliza. Niliona midomo yake ikihesabu.

Kisha akazima kifaa.

"Kwa nini umezima, mama?" Jicho akauliza. "Mwache nimsikie."

"Mwanangu," mkunga akasema, "ule ni moyo wako."

Nikaweka vidole vyangu kwenye kifundo chake cha pili, na ni kweli, mdundo uleule, dugu-dugu-dugu, unakimbia kama wa kitu kidogo kinachofukuzwa. Mtu mzima amelala kitandani, hajapanda hata ngazi, na moyo wake unakimbia kiasi kile. Sijawahi kushika kitu kilichoniogofya kama ule mkono.

Mkunga alimwambia nesi alete kile kikombe cha mkojo na jagi la maji. Nesi akasema, "Lakini nimeshapima." Mkunga akasema, "Lete." Alichota kidogo kwa sirinji, akaumimina kwenye kikombe kipya, akajaza maji. Akakoroga. Akachota kutoka kile cha pili, akatia kwenye cha tatu, akajaza maji tena, mpaka tulichokuwa tunakiangalia kilikuwa kama maji ya kunywa. Akachovya kijiti kipya.

Tulikiinamia sote, hata Jicho aliinuka kwenye kiwiko. Mstari wa kwanza ukaja. Na pembeni yake, katika maji yale meupe yasiyo na rangi, wa pili ukaja pia, ukakoza, ukakoza zaidi, mpaka ukawa mwekundu kuliko mistari yote tuliyowahi kuiona.

"Sielewi," nesi akasema.

"Kijiti hakikuharibika," mkunga akasema, akimwambia Jicho, si nesi. "Na wewe hukuona vibaya. Kinatafuta homoni ya mimba. Ikiwa haba hakiioni, ndiyo maana watu huambiwa wangoje. Lakini ikizidi mno, ikazidi mara mia, kinalemewa. Ni kama watu wamejazana mlangoni, wote wanataka kupita kwa pamoja, wanakwama, hapiti hata mmoja. Ukiwa nje unaona mlango mtupu, unasema hakuna mtu. Nimewapunguza kwa maji, ndipo wamepita."

"Kwa hiyo nina mtoto."

Mkunga alimshika mkono. "Una mimba. Mtoto tutatafuta kwenye picha. Ila mimba ya kawaida ya umri huu haijazi mlango namna hii."

Kwenye chumba cha picha palikuwa na giza na ubaridi. Daktari alikuwa mwanamke, hakuzungumza sana. Kwenye kioo cha mashine niliona vitone vyeupe, maelfu, kama mvua ndogo iliyosimama hewani, na katikati yake viputo vyeusi, vikubwa kwa vidogo, vimeshikana mafungu kwa mafungu. Vilijaa kila pembe. Hapakuwa na kichwa wala mkono, wala kitu kinachopiga. Jicho alitazama kwa macho yale yaliyozoea kutafuta kosa kwenye kioo safi, akatafuta kila pembe ya ile picha, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu akarudia. Daktari hakumharakisha.

"Hakuna mtu humu," Jicho akasema mwishowe.

"Hakuwahi kuwepo," daktari akasema. "Inaitwa mimba zabibu. Yai lilitungwa vibaya tangu siku ya kwanza, kikaota kile ambacho kingekuwa kondo la nyuma, kikaendelea kuota peke yake. Hukukosea popote. Si ulichokula, si ulichobeba, si maneno ya mtu. Lakini haiwezi kubaki. Ndiyo inayokimbiza moyo wako. Ikikaa itakutoa damu nyingi."

Alilazwa siku hiyohiyo. Mumewe alifika mchana, na nguo za kazi, na grisi mpaka kwenye nyusi. Alipoambiwa hakulia. Aliuliza mara tatu, "Lakini yeye atapona?" na alipojibiwa ndiyo mara ya tatu, akakaa sakafuni kando ya kitanda kwa sababu kiti hakukiona, ingawa kilikuwa karibu naye.

Asubuhi iliyofuata walimsafisha kizazi. Aliongezewa damu chupa mbili. Alipozinduka, mama mkwe alikuwa ameketi pale tangu mapema, mikono mapajani, na mimi nilikuwa nimeleta uji. Nilitaka kutoka, mama mkwe akanizuia.

"Kaa, na wewe usikie," akasema. "Nimechoka kulibeba peke yangu." Akamgeukia Jicho. "Siku ile nilipokushika tumbo, mkono wangu ulilijua. Lilikuwa laini kama unga uliokandwa. Kabla sijamzaa huyu mume wako, mimi nilibeba kitu kama hicho. Sikujua ni nini. Kilinitoka nyumbani, kikaja na damu, vipande vipande, kama mayai ya samaki. Wakubwa walikifukia nyuma ya nyumba haraka, wakaniambia nisikitaje maisha yangu yote, la sivyo kitarudi. Miaka arobaini sijakitaja. Nilipogusa lako nikaogopa. Nikasema moyoni, kumbe kimerudi, na mimi ndiye nimekileta ndani ya nyumba hii."

Jicho alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa. "Mama, ungeniambia."

"Ningekuambia," mama mkwe akasema. "Nilinawa mikono badala yake. Nisamehe."

Nikamweleza mama yale aliyosema daktari, kwamba ni yai tu, hakuna kinachofuata mtu. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayesomewa barua iliyochelewa, kisha akaniomba niyarudie tangu mwanzo.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wiki mbili baadaye Jicho, akiwa nyumbani amepumzika, alitoa kijiti kutoka kwenye lile boksi na kupima. Hakuniambia kwa nini, na nadhani hata yeye hakujua. Mistari miwili, ya wazi, iliyokoza. Tumbo limeshuka, kizazi kimesafishwa, na kijiti kikasema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko siku zote alizokuwa amelibeba. Akapima kesho yake. Ndiyo. Keshokutwa yake. Ndiyo. Mumewe alimkuta amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, vijiti mkononi, akiviuliza polepole, "Nani? Nani anayeitika?"

Siku hiyo fundi wa lifti alifanya jambo la maana kuliko maneno yake yote mazuri. Hakumnyang'anya. Alikaa karibu naye kwenye ule ukingo, akapiga simu kliniki, akaweka sauti nje, ili mkunga amwambie mkewe moja kwa moja. Mkunga alieleza kwamba homoni haiondoki siku moja. Inashuka kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na sasa imeshuka kiasi kwamba kijiti kinaweza kuisoma. "Usikiulize tena," akamwambia. "Hicho kinajua ndiyo na hapana tu, na wewe sasa unahitaji namba, homoni imebaki kiasi gani. Njoo kila wiki tuchukue damu. Na usishike mimba nyingine mpaka niseme, kwa sababu ikija, sitajua namba ni ya nani. Kile kitu huwa kinaweza kuacha mizizi, na mizizi ikiota ni ugonjwa mkubwa. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Alikwenda kila wiki. Namba ya kwanza ilikuwa ndefu hata hatukuweza kuitamka. Ikashuka. Ikashuka tena. Wiki moja iligoma, ikabaki palepale, na wiki hiyo hakuna aliyelala vizuri katika ile nyumba, wala mimi kwangu. Ya baada yake ikashuka. Wiki ya kumi ilikuwa sifuri. Wakamfuatilia miezi sita zaidi, mwezi kwa mwezi, sifuri, sifuri. Mikono ikaacha kutetemeka. Alirudi kwenye dirisha lake, akaanza tena kunirudishia lenzi nilizodhani ni safi.

Katika zile wiki za mwanzo za kupimwa damu, Mapokezi alijifungua salama, mtoto wa kiume. Jicho alikwenda kumwona, akambeba, akamrudisha, akanywa chai, akasema mtoto ana masikio ya baba yake. Tulirudi pamoja, na kwenye ngazi zao akasimama.

"Nilikuwa ninamwimbia," akasema. "Kila siku, nikirudi kutoka kazini. Na nilikuwa nahisi ananisikiliza, nakuapia. Kama hakuwepo, nani alikuwa ananisikiliza?"

Nilimsindikiza mpaka ghorofa ya nne.

Ilipita zaidi ya miaka miwili. Ruhusa ya mkunga ilikuwa imeshatoka zamani, walikuwa hawajaitumia. Kisha siku moja siku zake zikachelewa. Hakununua kijiti. Aliniomba nimsindikize, tukaenda moja kwa moja kutolewa damu, na wiki chache baadaye tukarudi kwenye kile chumba chenye giza, mumewe mbele yetu akiinama mlangoni. Daktari aligeuza kioo upande wetu mapema kabisa, bila kuulizwa. Palikuwa na kitu kidogo kama punje ya harage, na ndani yake kitu kinapepesa.

Baada ya hapo tuliketi kwa nesi, mgeni, asiyetujua, aliyekuwa akijaza kadi mpya.

"Hii ni mimba ya ngapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

Jicho aliitazama ile kalamu.

"Ya pili," akasema.

"Wa kwanza ana umri gani?"

"Hakuwepo," Jicho akasema. "Lakini iandike."

Nesi akainua kichwa, akamtazama, akaandika.